Kubadilisha Spotilaiti ya LED Iliyozimika Darini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Spotilaiti ikizimika, wengi hununua taa nyingine kabla ya kujua kilichokufa. Mara nyingi LED yenyewe bado nzima na kilichokufa ni kile kinachoilisha umeme: draiva, transfoma, holda au kiungo cha waya kilicholegea. Dakika kumi za kuchunguza huokoa safari mbili za dukani. Maswali yana namba, na pale jibu moja linapotegemea jingine tumeelekeza kwa namba hiyo.

## Kuijua taa uliyo nayo

1. Spotilaiti za darini ni za aina ngapi, na yangu ni ipi?

Majumbani utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni balbu ya GU10: ina pini mbili nene zenye vichwa vipana kama vifungo, umbali kati yake ni milimita 10, na hupokea umeme wa nyumba moja kwa moja. Ya pili ni balbu ya volti 12, ambayo wengi huiita MR16. Kitako chake kinaitwa GU5.3: pini mbili nyembamba kama sindano, zilizoachana kwa milimita 5.3. Hii lazima iwe na transfoma au draiva mahali fulani juu ya dari. Zote mbili zina uso wa takribani milimita 50, ndiyo maana ukiwa chini huwezi kuzitofautisha. Ipo pia ndogo yenye uso wa milimita 35 na pini zilizoachana kwa milimita 4.

Aina ya tatu haina balbu ya kutoa. LED zimegandishwa ndani ya taa yenyewe, na nyuma hutoka waya mfupi unaoingia kwenye kiboksi kidogo cha plastiki, yaani draiva. Ukitazama kutoka chini unaona bamba jeupe linalong'aa lote au lenzi moja iliyozama, bila mwanya wowote wa kuizungusha balbu. Ikiwa hujui yako ni ipi, zima umeme kama ilivyoelezwa katika swali la 8, ivute chini kidogo, uangalie kilichopo nyuma.

2. Draiva ina tofauti gani na transfoma?

Transfoma ya spotilaiti hushusha volti: umeme wa nyumba unaingia, volti 12 zinatoka, na kila balbu huchukua kiasi cha mkondo inachohitaji. Draiva ya taa zilizogandishwa hufanya kazi kinyume chake. Hushikilia mkondo usibadilike, kwa mfano miliampea 300, na kuacha volti zipande au zishuke kulingana na idadi ya chipu zilizounganishwa kwa mfululizo ndani ya taa.

Tofauti hii ndiyo inayoua taa mpya nyingi. Taa inayotaka mkondo usiobadilika ukiifunga kwenye kifaa cha volti 12 kisichojali mkondo, itawaka vikali mno na kuungua, au haitawaka kabisa. Soma kilichoandikwa: penye "12 V" peke yake ni kifaa cha volti thabiti, penye miliampea zikifuatwa na volti za kuanzia hadi kuishia, kama "300 mA, 24–42 V", ni draiva ya mkondo thabiti.

3. Boksi liliandika saa 25,000. Mbona imekufa baada ya miaka miwili?

Saa 25,000 kwa matumizi ya saa nne kwa siku ni zaidi ya miaka 17, lakini hesabu hiyo ni ya chipu za LED zikiwa kwenye ubaridi wa kutosha. Kwa kawaida huhesabiwa hadi mwanga unapofifia kufikia asilimia 70 ya ulivyokuwa mwanzo. Haisemi lolote kuhusu vifaa vingine vilivyomo.

Kinachotangulia kufa ni kapasita ya draiva, ile yenye umbo la kopo dogo. Ndani yake mna kimiminika kinachokauka kwa joto, na kanuni inayofuatwa na mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, maisha yake hupungua kwa nusu. Sasa fikiria draiva iliyobanwa kati ya bati na dari, au balbu ya GU10 ambayo draiva yake imo ndani ya kitako, imefunikwa na sufi ya kioo. Joto halina pa kutokea. Ikiwa taa ya sehemu ileile hufa mara kwa mara huku nyingine zikidumu, acha kulaumu balbu na uangalie hewa ya pale juu (swali la 21).

## Kutafuta ubovu

4. Taa moja imezimika, nyingine za chumba hichohicho zinawaka. Nianzie wapi?

Kwa taa za balbu, badilishana. Zima umeme, subiri zipoe, toa balbu iliyozimika na uiweke kwenye tundu la jirani yake linalowaka. Ya jirani iweke kwenye tundu bovu. Washa. Ikiwa ubovu umehama na balbu, balbu imekufa. Ikiwa balbu nzima nayo haiwaki kwenye tundu bovu, tatizo liko kwenye holda, kiungo cha waya, au transfoma kama kila taa ina yake.

Kwa taa zenye draiva ya nje hufanyika vilevile, ila ukiwa na uhakika kwamba taa hizo mbili ni za aina moja na lebo zake zinalingana. Chomoa plagi ndogo iliyo kati ya draiva na taa umeme ukiwa umezimwa, hamishia draiva ya jirani, kisha washa. Usichomeke taa kwenye draiva inayofanya kazi. Draiva isiyo na mzigo hupandisha volti zake hadi kikomo, na ukiichomeka taa wakati huo hupokea mpigo wa mkondo unaoweza kuiua papo hapo. Hivyo ndivyo taa nzima inavyokufa mikononi mwa mtu aliyekuwa anaipima tu.

5. Zote zimezimika kwa mpigo.

Balbu sita hazifi dakika moja. Angalia breka kwanza, kisha swichi, kisha transfoma ya pamoja kama ni za volti 12. Kama ni GU10 au taa zenye draiva yake kila moja, na breka haijaruka, yaelekea waya umelegea kwenye swichi au kwenye kiungo cha taa ya kwanza katika mstari, kwa kuwa umeme hupita hapo kwenda kwa nyingine. Dalili nzuri ni hii: zikizimika taa tatu za upande mmoja na tatu nyingine zikaendelea, kiungo kibovu kiko kati ya ya mwisho inayowaka na ya kwanza iliyozimika.

6. Inawaka, inazima baada ya dakika kadhaa, kisha inawaka tena yenyewe. Je, imekufa?

Bado, lakini inaelekea huko. Taa inayozima baada ya kupata moto na kurudi ikipoa inajilinda dhidi ya joto. Inayomweka kwa mpigo wa sare, waka-zima kila sekunde au pungufu, kwa kawaida draiva yake inajaribu kuwaka, inashindwa na kujaribu tena, badilisha draiva. Inayopepesa bila mpangilio, hasa mtu akitembea ghorofani au mlango ukifungwa kwa kishindo, ina kiungo kilicholegea. Hii ya mwisho usiiahirishe. Kiungo kilicholegea hutoa cheche ndogo zisizoonekana, na cheche huchoma plastiki ya konekta.

7. Taa mpya inaendelea kutoa mwanga hafifu hata swichi ikiwa imezimwa.

LED huhitaji umeme kidogo mno ili ionekane, na umeme huo hupenya kwa njia tatu. Swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha gizani hupitisha mkondo mdogo kwenda kwenye taa. Nyaya ndefu zinazokwenda sambamba, hasa za swichi mbili za ngazi, huambukizana umeme bila kugusana. Au swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya waya wa moto.

Ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu holda inabaki na moto hata swichi ikizimwa. Ianze hiyo: fundi apime kwenye holda swichi ikiwa imezimwa. Ikithibitika swichi inakata moto ipasavyo, basi ondoa kitaa cha swichi au funga kapasita maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya tatizo hili, sambamba na taa mojawapo.

## Kabla ya kugusa

8. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi?

Hakutoshi. Mbali na swichi iliyofungwa kimakosa kwenye nyutro, nyumba nyingi zina waya wa moto wa kudumu unaopita juu ya dari kwenda taa au chumba kingine, na huo haujali swichi yako. Zima breka ya taa. Kama nyumba ina inveta, betri za sola au jenereta inayojiwasha, zima nayo pia. Weka kipande cha tepu juu ya breka ili mtu asije akaiwasha akidhani imeruka.

9. Nitahakikishaje kwamba umeme umekatika?

Pima kifaa chako kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pima kwenye waya wa taa, kisha rudi ukipime tena palepale pa mwanzo. Kipimo kilichokufa katikati ya kazi hukuambia "hakuna umeme" kwa ujasiri uleule. Kwa multimita au kipimo cha ncha mbili, pima moto na nyutro, moto na ethi, halafu nyutro na ethi.

Testa ya bisibisi ni msaada mdogo. Huwaka kwa kutumia mwili wako kama njia, hivyo ukiwa juu ya ngazi ya plastiki au mbao kavu inaweza kukataa kuwaka ilhali waya una moto. Usiitegemee peke yake.

10. Kazi ipi naweza kufanya mwenyewe, na ipi nimwachie fundi?

Kubadilisha balbu, au kuchomoa taa na kuchomeka nyingine kwenye plagi ya draiva, ni kazi ya mtu yeyote makini mwenye ngazi imara. Kufungua nyaya za umeme wa nyumba ni jambo jingine: sheria za nchi hutofautiana, na baadhi huitaka kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Mwite fundi bila kusita ukiona plastiki iliyoyeyuka, ukinusa harufu ya kuungua, breka ikiruka kila ukiwasha, rangi za nyaya zikiwa hazieleweki, au maji yakiwa yamevuja darini.

## Kazi yenyewe

11. Balbu ya GU10 inatolewaje?

Ikiwa imewaka punde, isubiri ipoe kwa dakika kumi hivi. Angalia kinachoizuia: taa nyingi huwa na pete ya waya mbele ya balbu. Minya masikio mawili ya pete yaelekee ndani, itatoka. Nyingine zina pete ya nje inayofunguliwa kwa kuzungushwa.

Sukuma balbu juu kidogo, uizungushe kinyume cha mwendo wa saa kwa robo ya mzunguko au pungufu, kisha ivute chini. Mpya huingia kwa kuelekeza pini kwenye matundu, kusukuma, na kuzungusha kufuata mwendo wa saa hadi ugome. Isipogoma vizuri, pini haijashika, na mguso hafifu utaunguza holda.

12. Imegoma kuzunguka na vidole havipati pa kushika.

Tumia kikombe kidogo cha mpira cha kunyonya, cha aina inayouzwa kwa kubadilishia balbu hizi. Kama huna, kunja kipande kirefu cha tepu ngumu, bandika ncha zake mbili kwenye uso wa balbu na uache katikati pawe mpini wa kuzungushia. Glavu za mpira nazo husaidia. Usitumie koleo kwenye kioo. Kioo kikishavunjika, vaa miwani, hakikisha tena breka imezimwa, ushike kitako kwa koleo la mdomo mrefu na kuzungusha taratibu.

13. Na ile ya pini nyembamba?

Hiyo haizungushwi. Vuta holda na balbu nje ya dari, shika holda kwa mkono mmoja, vuta balbu moja kwa moja kwa mwingine. Ukiipindapinda unapanua matundu ya holda, na balbu mpya haitashika.

14. Taa yangu haina balbu. Naitoaje darini bila kuharibu jipsamu?

Inashikiliwa na klipu mbili za springi zinazosukuma dari kutoka juu. Kama dari lilipakwa rangi taa ikiwa mahali pake, pitisha kwanza wembe kuzunguka ukingo. Vinginevyo utang'oa rangi, au hata karatasi ya jipsamu. Ingiza ukingo mwembamba wa spachula, teremsha upande mmoja sentimita moja, kisha upande wa pili, uivute sawasawa.

Zinapofika kwenye ukingo wa tundu, springi hujifunga kwa nguvu. Ni chungu sana zikikukuta na kidole, na mtu akishtuka juu ya ngazi huanguka. Weka vidole chini ya ukingo wa taa, na klipu zinapotokeza zishike zote mbili na uziruhusu zirudi taratibu. Chomoa plagi ndogo, uiteremshe taa.

Unaporudisha, inua klipu ziwe wima kuelekea juu, ingiza zote mbili tunduni, halafu sukuma taa. Isiyokaa sawa na dari kwa kawaida imebana waya au draiva imelala juu ya klipu. Isogeze draiva kando, mbali na mgongo wa taa, kwani ndiko joto linakotoka.

15. Nimegundua draiva ndiyo mbovu. Nanunua ipi?

Ichukue lebo yake, au ipige picha iliyo wazi, na ulinganishe mambo manne.

Miliampea za kutoka ndizo za kwanza kwa umuhimu, na zinapaswa kuwa sawa. Za chini kidogo hazidhuru, mwanga tu utapungua; za juu zinaikaanga taa. Draiva ya miliampea 350 kwenye taa ya 300 inaisukuma kwa asilimia 17 zaidi. Itapendeza siku za mwanzo, kisha itafifia na kufa.

Volti za kutoka: zile zinazotumiwa na taa lazima ziangukie ndani ya kiwango cha draiva. Taa ya volti 36 na miliampea 300 hula wati 10.8, hivyo draiva ya 300 mA yenye kiwango cha volti 24 hadi 42 inaifaa. Yenye kiwango cha 9 hadi 18 haitaiwasha kabisa, hata kama miliampea zinalingana.

Kisha angalia plagi ya kutokea: umbo na chanya na hasi. LED ikigeuzwa haiwaki. Mwisho, ukubwa wa kiboksi, maana lazima kipite kwenye tundu la dari. Hili husahauliwa kila mara.

16. Holda imebadilika rangi kuwa kahawia. Inafaa bado?

Haifai. Rangi hiyo ni alama ya mguso hafifu uliokuwa ukitoa joto, na balbu mpya itapita njia ileile. Holda za GU10 huuzwa peke yake, za kauri, zikiwa na nyaya fupi zenye ganda linalostahimili joto. Kata hadi mahali ambapo waya wa zamani haujakauka ganda, uunge kwa konekta ndani ya kiboksi chenye mfuniko. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu hakukubaliki hapo juu: gundi ya tepu hulainika kwa joto na tepu hufunguka yenyewe.

Katika nyumba zinazofuata rangi za kimataifa, kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Za zamani zinaweza kuwa nyekundu na nyeusi. Rangi ni dokezo tu. Kipimo ndicho kinachothibitisha.

## Kuchagua mpya

17. Ninunue wati ngapi, na ninaangalia nini kingine?

Wati hukuambia inakula kiasi gani, mwanga husomwa kwa lumeni. Spotilaiti ya zamani ya halojeni ya wati 50 ilitoa mwanga unaopatikana leo kwa LED ya lumeni 350 hadi 400, yaani wati 4 hadi 6. Kuzidisha wati kwenye taa iliyozama darini kunaongeza joto, na umeshaona katika swali la 3 joto linafanya nini.

Rangi ya mwanga husomwa kwa kelvini: 2700 na 3000 ni ya manjano tulivu, 4000 ni nyeupe isiyoegemea upande, 6500 ni nyeupe yenye ubluu. Ukibadilisha moja kati ya sita, hii ndiyo namba ya kulinganisha kwanza, kwa kuwa tofauti ya 2700 na 3000 huonekana wazi darini. Pembe ya mwanga ndiyo inayofuata. Nyuzi 36 hutoa duara kali juu ya meza au picha, 60 husambaza zaidi, na bamba za nyuzi 120 humulika chumba kizima. Jikoni na penye kioo cha kujitazamia, tafuta CRI, yaani kipimo cha usahihi wa rangi, ya 90 au zaidi ili nyama na ngozi zionekane kwa rangi yake. Ya 80 inatosha kwingineko.

Hata namba zote zikilingana, mpya inaweza kuonekana ang'avu kuliko wenzake waliofifia kwa umri. Ihamishie pembeni, uilete ya pembeni katikati.

18. Taa mpya haiingii, au tundu limekuwa kubwa mno.

Uso wa taa haukuambii kitu. Pima kipenyo cha tundu. Kwenye boksi tafuta kipimo cha kukata dari, kwa mfano milimita 70 au 90. Tundu likiwa dogo, lipanue kwa jisu la jipsamu au tupa, kidogo kidogo. Likiwa kubwa, kuna pete pana za kuzibia, au taa zenye klipu zinazosogezwa kufuata tundu. Pima pia kimo kilichopo juu: balbu ya GU10 peke yake ina urefu wa zaidi ya sentimita 5, na bado hujahesabu holda na kona ya waya.

19. Bafuni je?

Juu ya bomba la mvua na karibu nalo, taa iwe na alama ya IP ambayo tarakimu yake ya pili ni 4 au zaidi. IP65 ni chaguo salama, kwa kuwa inazuia vumbi na maji ya kurushwa. Alama hiyo hutegemea mpira mwembamba ulio nyuma ya ukingo. Ukijikunja au kuachwa ndani ya boksi wakati wa kufunga, mvuke utapanda hadi juu ya dari.

## Palipo na utata

20. Nimeweka LED, sasa dima inapepesa au inavuma.

Dima, yaani swichi za kupunguza mwanga, za enzi za halojeni huwa na mzigo wa chini kabisa, mara nyingi wati 40 au 60. Balbu sita za LED za wati 5 ni wati 30 tu, hivyo dima haipati cha kushika. Funga dima ya LED, ile inayokata ukingo wa nyuma wa wimbi, na uhakikishe balbu imeandikwa kwamba inakubali dima. Isiyokubali isifungwe kwenye dima hata kama utaiacha kwenye mwanga wa juu kabisa. Wimbi bado limekatwakatwa na draiva itaumia. Kama humpunguzii mtu mwanga chumbani humo, njia ya uhakika ni kuondoa dima na kuweka swichi ya kawaida.

Transfoma za elektroniki za halojeni zina ugonjwa huohuo. Nyingi hutaka angalau wati 20, na balbu moja ya LED ya wati 5 haifiki. Badilisha transfoma kwa draiva ya LED ya volti 12, ukiacha akiba ya asilimia 20: balbu sita za wati 5 ni 30, chukua ya wati 40.

21. Juu ya dari kuna sufi ya kuzuia joto. Niisukume tu?

Soma alama kwenye taa. Zipo zilizoruhusiwa kufunikwa na zilizokatazwa, na kwa zilizokatazwa acha nafasi iliyoandikwa na mtengenezaji pande zote na juu. Vifuniko vya kukinga taa visigusane na sufi vinauzwa. Draiva ilaze juu ya sufi, isizikwe ndani yake.

Taa ikiwa ya kuzuia moto, yaani yenye kopo la chuma linaloziba tundu dari likishika moto, irudishie ya namna hiyo. Usiibadilishe kwa nyepesi kwa sababu tu tundu linalingana.

22. Naweza kuigeuza taa ya volti 12 kuwa GU10?

Inawezekana, ikiwa transfoma na holda zote zitaondolewa, na waya unaofika kwenye taa uwe umekusudiwa kwa umeme wa nyumba. Waya mwembamba wa volti 12 hauna ganda la kutosha. Mwili wa taa ukiwa wa chuma nao utahitaji ethi, ambayo mfumo wa volti 12 haukuwa nayo.

23. Chipu moja ina doa jeusi. Fundi anasema ataiunganisha kwa solda na taa itawaka.

Itawaka, kwa kuwa chipu zimefungwa kwa mfululizo na moja ikikatika zote huzimika. Lakini kwenye balbu yenye draiva rahisi ya ndani, volti za chipu iliyorukwa huangukia zilizobaki, na inayofuata haichelewi. Isitoshe, balbu nyingi za GU10 hazitenganishi sakiti yake na umeme wa nyumba, kwa hiyo bamba la chipu lina moto kamili. Balbu iliyofunguliwa kifuniko chake isirudishwe darini.

24. Iliyokufa naitupa wapi?

LED haina zebaki kama taa za mirija, ila ina shaba na vipande vya elektroniki, na inaweza kuwa na risasi. Iende na taka za elektroniki, isichomwe. Draiva nzima ya taa iliyokufa itunze pamoja na lebo yake. Jirani wa taa hiyo akifa mwakani, unaanza kupima ukiwa tayari na mbadala mkononi.